Simfoni ya Pili, Zamu ya Wanawake

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa hamsini na nane, Chama cha Waestonia wa kitongoji kile cha Stockholm kiliwasha sauna yake mpya, nyumba ya kuogea mvuke, kwa mara ya kwanza. Wanaume waliingia kwanza, kama ilivyo desturi, wakapanda kwenye mabenchi ya mbao kwa mpangilio ambao hauhitaji kutangazwa: wenye mapafu mazuri juu, wenye presha chini, na Bwana Voldemar Treiman, mwalimu wa kwaya, katikati, maana popote penye watu yeye alipenda kuwa katikati. Kapteni Priidu Kadarik, aliyelijenga jiko kwa mikono yake na hakuruhusu mtu mwingine aliguse, alichota maji kwa kata akayamwaga juu ya mawe.

Mvuke ulipanda. Pamoja na mvuke zikapanda baragumu, taratibu, kwa sauti ya chini, halafu fidla zikaingia nyuma yake kama watu waliochelewa ibada wanaojitahidi wasionekane.

Wanaume waliinamisha vichwa, kama mtu afanyavyo mvuke unapompata masikioni. Katika sauna hakuna kupiga makofi wala kusifu. Watu hukaa humo kama kanisani, tofauti ni kwamba kanisani wanakuvumilia ukija na nguo.

"Nani kaacha mlango wazi?" Treiman aliuliza baada ya muda. "Joto linatoka."

"Umefungwa," alijibu Kapteni, akamwaga kata ya pili. Ngoma zikaingia.

Kwenye benchi la chini, Osvald Pihelgas alikuwa ameshika kicha chake cha matawi ya birchi, cha kujipigia mgongoni kuita jasho, bila kukitumia. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mabega yameshuka kama koti lililotundikwa kwenye msumari mmoja. Aliijua sauti ile. Ilikuwa Simfoni yake ya Pili, sehemu ya kwanza, na yeye alikuwa na hakika kwamba Simfoni yake ya Pili iko chini ya bahari.

"Kapteni," alisema, "mawe haya umeyatoa wapi?"

"Nyumbani. Ni yale yale uliyoyakalia, Maestro. Umeyasahau? Makalio yako hayajasahau."

Watu wa benchi la juu walicheka kidogo, kwa heshima ya mahali.

Ilikuwa kweli. Vuli ile ya vita, Warusi walipokuwa wanakaribia, Kapteni Kadarik alijaza mashua yake watu wa pwani nzima, wakang'oa nanga kuelekea Uswidi. Upepo ulipoanza kuwakoroga, aliamuru masanduku yote ya juu yatupwe. Mama mmoja alitupa cherehani. Mchungaji alitupa vitabu vyake vya mahubiri, na wapo waliosema mashua ilinyanyuka papo hapo. Osvald alitupa sanduku lenye simfoni nzima, nakala pekee, ambayo okestra ilikuwa bado haijaipiga hata mara moja. Bahari ya Baltiki haisomi nota, lakini ilipokea. Mawe ya farumi, yaliyolala chini kabisa ya mashua kuizuia isipinduke, hayakuguswa.

"Kwa nini usitupe mawe?" Osvald alimuuliza siku ile.

"Mawe hayakamati upepo," Kapteni alimjibu. "Muziki wako unakamata."

Basi Osvald alikaa juu ya mawe hayo mpaka Uswidi, akiimba simfoni yake kwa kunong'ona tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tena tangu mwanzo, ili asiisahau. Alitapika, akaimba, akatapika. Walipofika nchi kavu alikuwa ameisahau. Mawe hayakusahau. Na Kapteni, ambaye aliacha nyuma ng'ombe, nyumba na kaka, hakuwa mtu wa kuacha mawe mazuri ya sauna yapotee ugenini. Aliyapakua moja moja, akayaweka bandani kwake miaka yote hiyo, akingojea Chama kipate kiwanja kando ya ziwa.

Siku hiyo ya kwanza wanaume walisikiliza sehemu ya kwanza na ya pili, wakaoga, wakatoka nje kupoa. Walikaa barazani na mashuka yao kiunoni, wakinywa bia, mwili mzima ukitoa moshi.

"Imetulia," alisema mmoja.

"Ndefu," alisema mwingine.

"Mimi sina neno na muziki wake," alisema Treiman, "lakini hauimbiki. Mtu ataanzia wapi? Maestro, lini utatuandikia wimbo wa sikukuu ya uhuru, wa mwezi wa pili? Beti tatu tu. Nchi, bahari, kaburi la mama, basi."

Wanachama walimpenda Osvald. Walimpenda jinsi kijiji cha wafugaji kingempenda daktari wa mifugo aliyesomea tembo: msomi, hilo halina ubishi, lakini ng'ombe wetu je? Waestonia wana kwaya. Kila mmoja anaimba, na anayeimba hahitaji okestra ya kumwambia anavyojisikia. Waswidi nao walikuwa na watunzi wao. Na nyumbani Tallinn, chini ya Warusi, jina la Osvald lilikuwa limefutwa, maana aliyekimbia hakuwahi kuzaliwa. Riziki aliipata katika shule ya dansi, akiwapigia piano watoto wa Kiswidi wanaojifunza kuruka kwa ncha za vidole. Waltz ile ile, mwaka hadi mwaka, na mwalimu akipiga fimbo sakafuni.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: Simfoni ya Pili ipigwe na okestra, mara moja, yeye akiwa hai na ameketi ukumbini na viatu miguuni.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata aliingia sauna na kibao na penseli ya seremala. Karatasi ililowa, kibao kilistahimili. Mvuke ukipanda alisikiliza, akaandika, akajifuta jasho machoni, akaandika tena. Wazee walijibana kumpa nafasi. Kapteni alimwaga maji taratibu kuliko kawaida, na aliponong'onezwa, "Rudia hapo," alisema jiko si gramafoni.

Tatizo lilikuwa zamu. Zamu ya wanaume ilikwisha na sehemu ya pili. Wanawake walipoingia, mawe yaliendelea pale pale yalipoachia, sehemu ya tatu, halafu ya nne, ndiyo ya mwisho. Wanawake walipotoka mawe yalikuwa yamemaliza, na hata ungeyamwagia ziwa zima yangekupa mvuke mtupu. Osvald alijaribu kuwasha siku ya Jumanne, peke yake. Mawe yalichemka kama mawe. Kapteni alimcheka alipopata habari.

"Jumanne? Nani anaoga sauna Jumanne? Wewe ungeimba Krismasi mwezi wa sita?"

Hilja, mke wa Osvald, alitoka zamu ya wanawake na nywele mbichi, mashavu mekundu.

"Ile ya tatu nzuri sana, Osvald. Ile ya zumari."

"Inakwendaje? Niimbie."

Hilja aliimba. Alikuwa sauti ya alto katika kwaya ya Treiman tangu kambi ya wakimbizi, na kama maalto wote alikuwa na sikio la kile kinachopita chini ya wimbo, si wimbo wenyewe. Alitoa noti moja, akaishikilia muda mrefu, akashuka kidogo, akarudi.

"Na juu yake?" Osvald aliuliza.

"Juu kuna wengine," alisema Hilja.

Osvald alipeleka ombi kwenye mkutano: wanawake watangulie, wanaume wafuate, kwa msimu mmoja tu. Mwenyekiti alikuwa Bi Meeta Saarniit, mjane mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya ziwa. Yeye hakuwa na pingamizi. Wanaume ndio waliokataa.

"Mvuke wa kwanza ni wa wanaume," alisema Kapteni. "Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yangu, na kwa babu yangu. Tukibadilisha hapa, tulikimbia nini kule?"

Walipiga kura. Osvald alipata kura yake mwenyewe, na hata hiyo, alivyosimulia Treiman, aliinyoosha kwa kusitasita.

Baada ya hapo Bi Meeta alimkuta chini ya kidirisha cha sauna wakati wa zamu ya wanawake, amechuchumaa kwenye theluji, kofia masikioni. Alimwona kwa kutoa kichwa nje kutafuta hewa.

"Maestro! Kwa umri huo!"

"Nasikiliza tromboni, Bi Meeta."

"Humu hamna tromboni. Humu nimo mimi na Helmi."

"Tromboni ziko nyuma yenu. Nakuombeni msogee kidogo kulia."

Bi Meeta alimtazama. Alikuwa ameolewa na mpiga fidla wa harusini, akamzika, na alijua mtu anayetazama na mtu anayesikiliza wanavyotofautiana usoni. Akasema, "Kaa upe dirisha mgongo. Ukigeuka hata kidogo, Helmi ana kata ya maji ya moto." Kisha akaacha kidirisha wazi, upana wa mkono.

Kuanzia hapo Osvald alikaa kila Jumamosi kwenye kigoda nje, mgongo ukutani, kibao magotini, na Kapteni akiwa mlinzi, ingawa mlinzi alikuwa mzito wa kusikia na mwepesi wa kulala. Wanawake walilalamika baridi. Walivumilia sehemu ya tatu. Lakini ikifika ya nne walikuwa wanaosha nywele, na hakuna mwanamke wa Kiestonia atakayeosha nywele kwenye upepo kwa ajili ya okestra. Kidirisha kilifungwa. Osvald alisikia ngoma kidogo kupitia magogo, basi.

Hivyo ndivyo ilivyopita baridi yote. Mwezi wa tano alikuwa na sehemu tatu, zimenakiliwa kwa wino kwenye karatasi kavu, safi, kila ala na mstari wake. Akavaa suti, akampelekea Bwana Nordenfalk, Mswidi mrefu mwenye mikono ya baridi aliyekuwa akipanga maonyesho ya okestra moja ya mjini. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ofisi yake ilinuka kahawa na nta ya sakafu.

Nordenfalk alisoma muda mrefu. Mara moja alisimama, akaenda kwenye piano, akagusa mstari wa zumari wa sehemu ya tatu, akarudi kukaa.

"Hii ni kazi," alisema. "Na ya mwisho iko wapi?"

"Bado imo jikoni."

"Unaiandika?"

"Hapana, imo ndani ya jiko. Kwenye mawe ya sauna."

"Naam," alisema Nordenfalk, ambaye alikuwa na sauna yake kwenye nyumba ya mapumziko na alijua mambo hukaa huko. "Nitakwambia wazi, Bwana Pihelgas. Mwestonia wetu wa mwaka huu tunaye. Anakuja kutoka Tallinn, ametumwa na serikali yake, na ubalozi wao unatuletea na maua. Lakini mwezi wa kumi nina nafasi ya mchana, Jumapili. Niletee simfoni kamili kabla ya mwezi wa nane na tutaipiga. Kamili. Kazi isiyokwisha tunaipokea kwa wafu tu. Wao wana udhuru."

Osvald alirudi na treni, kofia mapajani, akitazama misonobari ikipita. Alikuwa na furaha, naye hakuwa mzoefu wa kuishika. Aliibeba kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Bi Meeta alikuwa amemwahidi jambo kwa leo. Kwa kuwa hali ya hewa ilishapata joto, wanawake wangeacha kidirisha wazi mpaka mwisho. Nywele wangeosha nyumbani.

Alipofika kiwanjani alikuta watu wote wameshika zana. Siku hiyo ilikuwa ya msaragambo wa majira ya kuchipua, kazi ya pamoja ambayo Mwestonia hakosi hata akiwa na homa. Wengine walikuwa wanafyeka, wengine wanapaka ukuta rangi, na supu ya mbaazi ilikuwa inatokota kwenye sufuria kubwa. Walipomwona walianza kutabasamu wote kwa pamoja, jinsi watu wanavyotabasamu wakiwa wamekuandalia kitu.

"Maestro, njoo uone!" Bi Meeta alimshika mkono, akampeleka sauna. "Tumekutengenezea jiko."

Jiko lilikuwa limepangwa mawe mapya, meusi, yanang'aa, yamenunuliwa Uswidi.

"Yale ya zamani yalikuwa yamepasuka," alisema Treiman. "Jiwe la sauna lililopasuka ni hatari. Linaweza kuruka likamtoa mtu jicho. Kila mwenye akili hubadilisha. Tumeyaacha machache yaliyokuwa mazima, yale ya chini."

"Kapteni aliruhusu?" Osvald aliuliza.

Kapteni Kadarik alikuwa amesimama mlangoni, koleo mkononi. "Yalipasuka, Maestro," alisema. "Jiwe likipasuka limepasuka. Nimeyagonga moja moja."

Hakuna aliyekosea. Kila mtu aliyekulia pwani ile angefanya vile vile, na asingefanya angeitwa mvivu. Na kwa kweli wote walikuwa wameisikia simfoni kila Jumamosi tangu mwezi wa kumi. Lakini kwa kuwa sauna si mahali pa kusifu, hakuna aliyewahi kuisifu mkutanoni, na kitu kisichosifiwa hakiingii kwenye mipango ya kazi. Hata Bi Meeta alifikiria kidirisha, hakufikiria mawe.

Jioni hiyo Kapteni alimwaga kata ya kwanza kama kawaida. Kutoka chini ya jiko ilipanda filimbi moja, na fidla za pili, zile zinazojaza katikati. Zilipiga sehemu yao kwa uaminifu, zikinyamaza pale wengine walipopaswa kusikika, zikihesabu, zikaingia tena. Mawe ya Kiswidi yalitoa mvuke mzuri, mkavu.

"Imepungua," alisema mmoja wa wazee.

"Afadhali," alisema mwingine.

Nje, chini ya kidirisha kilichoachwa wazi mpaka mwisho, Osvald alipata filimbi na fidla za pili za sehemu ya nne. Akaziandika.

"Yako wapi yale mengine?" alimuuliza Kapteni walipokuwa wanakunywa supu.

Kapteni alionyesha kwa kijiko. Katikati ya kiwanja, karibu na maji, palikuwa na mlingoti mpya wa bendera, mrefu, mweupe, wa msonobari. Chini yake palikuwa na kitako cha zege, mraba, zege likiwa bado bichi.

"Tumeyasaga kidogo, tukayajengea msingi," alisema Kapteni. "Tuliona ndiyo heshima yake. Mawe ya nyumbani, chini ya bendera ya nyumbani. Bi Meeta alilia."

Mkutano uliitishwa upesi. Osvald alisimama na kuomba kitako kivunjwe na mawe yatolewe. Aliongea kwa adabu na kwa kifupi, hakutaja Jumapili ya mwezi wa kumi mpaka mwisho, na alipoitaja aliitaja kama mtu anayeeleza basi analolisubiri.

"Maestro," alisema Bi Meeta, "unajua mlingoti wa bendera yetu kule nyumbani ulivunjwa na nani?"

"Najua. Warusi."

"Basi huu unataka uvunjwe na sisi?"

"Kwa ajili ya mawe tu. Mtaujenga tena siku ya pili."

"Hatuwezi kuandika kwenye kumbukumbu za Chama kwamba tuliishusha bendera kwa hiari yetu," alisema Treiman. "Hata kwa siku moja. Hata kwa muziki. Osvald, ndugu yangu, simfoni utaandika nyingine. Nchi tunayo hiyo moja, na hata hiyo hatunayo."

Kura zilipigwa, ombi likaanguka. Hilja hakunyoosha mkono upande wowote. Aliitazama mikono yake mapajani kana kwamba imesahauliwa hapo na mtu. Kapteni alipiga kura ya kukataa, kisha akamfuata Osvald nje.

"Sikiliza. Usinune. Jiwe ni jiwe, liwe jikoni, liwe ndani ya zege. Linataka moto na maji, basi. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi ujao, tunawasha moto mkubwa, si ndiyo? Mimi ndiye ninayepanga kuni. Nitaupanga karibu na kitako. Karibu kabisa. Lete kibao chako."

"Na maji?"

"Umewahi kuona Sikukuu ya Yohana bila manyunyu?"

Siku ile ilipofika jua lilikuwa halina haja ya kuzama. Watu walikuja na treni kutoka vitongoji vyote, wanawake wamevaa sketi za mistari za parokia zao, kila parokia rangi zake, na vikapu vya mkate mweusi, samaki wa chumvi na jibini. Moto ulikuwa mkubwa kuliko ilivyo desturi, na karibu na mlingoti kuliko ilivyo busara. Bi Meeta aliliona hilo. Kapteni alimwambia upepo unatoka ziwani. Upepo haukuwapo.

Osvald alikaa kwenye nyasi kando ya kitako, kibao magotini, akipima joto la zege kwa kiganja, kama mtu anayempima mgonjwa. Lilishika moto polepole. Kwaya ilipanda jukwaani, hatua chache kutoka hapo, Treiman akainua mikono, na tone la kwanza la mvua likamwangukia Osvald kwenye kipara.

Mvua ilikuwa nyepesi. Ilianguka juu ya zege, ikafuka, na kutoka ndani ya kitako sehemu ya nne ikaanza, kana kwamba mawe yalijua ndiyo pekee iliyobaki: baragumu kwanza, mbali, kama meli inayouliza njia. Na hapo hapo kwaya ikaanza kuimba.

Osvald alinyanyuka, akaenda mbio mpaka jukwaani, akamvuta Treiman mkia wa koti.

"Voldemar! Wasimamishe. Kidogo tu. Nakuomba."

"Mvua ndogo hii?" alisema Treiman bila kugeuka, mikono yake ikiendelea. "Kwaya ya Kiestonia haikatizwi na mvua. Mimi niliimba kwenye mvua ya mawe nikiwa na mafua."

"Si mvua. Simfoni imeanza."

"Tumebakiza nyimbo sita. Ngojea."

"Haiwezi kungoja!"

"Sisi tumengoja miaka kumi na mitano," alisema Treiman kwa upole, "na bado tunaimba." Akawapa ishara mabesi waongeze.

Wakaongeza. Hadhira nayo ikasimama, maana wimbo ulikuwa ule ambao hausikilizwi mtu ameketi, na mamia ya watu waliolowa wakafungua vinywa. Waliimba vizuri sana. Ilibidi mtu awe na roho ya jiwe asiguswe, na mawe yenyewe, kama ilivyotokea, yalikuwa na shughuli zao.

Osvald alirudi kitakoni. Aliweka sikio kwenye zege, likamuunguza, akaliweka tena. Alisikia nchi, bahari, kaburi la mama. Kati ya ubeti na ubeti, watu walipovuta pumzi, zilimfikia noti mbili za tarumbeta, kisha tatu.

Katika safu ya maalto Hilja alifunga kitabu chake cha nyimbo. Alishuka jukwaani mbele ya watu wote, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mwanakwaya asiyezimia, akavuka nyasi na sketi yake ya mistari, akakaa juu ya kitako cha zege.

"Kaa," alimwambia mumewe. "Kwa masikio hutaweza. Kaa, kama ulivyokaa kwenye mashua."

Osvald alikaa kando yake. Zege lilikuwa na joto la mkate. Ndivyo walivyoipokea sehemu ya nne, kwa kukalia: ngoma zilipita kwenye mifupa, tromboni kwenye nyonga, na fidla kubwa zile zipigwazo kwa kusimama zilipanda kwenye uti wa mgongo na kuishia kwenye meno. Walijua ilipokwenda mbio na ilipopunguza mwendo. Walijua ilipokusanya nguvu zake zote na kuzishikilia, na ilipoziachia. Wimbo wenyewe, ule wa juu, hawakuupata. Hilja alimshika mkono akimpigia mapigo kwa kidole gumba, na Osvald aliandika mpaka kibao kikajaa.

Mvua ilikatika. Kwaya ilimaliza muda mfupi baadaye, ikapigiwa makofi marefu.

Kabla ya mwezi wa nane Osvald alimpelekea Bwana Nordenfalk Simfoni ya Pili. Sehemu tatu zilikuwa kamili. Ya nne ilikuwa na filimbi moja, fidla za pili, ngoma, noti tano za tarumbeta, mapigo ya tromboni na ya fidla kubwa yasiyo na noti, na kwingine mistari mitupu, ameichora kwa rula, safi, kila ala na jina lake mbele. Mtu akimwambia ajazie tu kitu chochote, alijibu kwamba kitu chochote anakipiga kila siku shule ya dansi.

Nordenfalk aliitazama mistari mitupu kwa heshima. "Ni kazi," alisema. "Lakini haijakamilika."

"Imekamilika. Iko chini ya bendera."

"Naam. Basi huko ndiko inakopigwa," alisema Nordenfalk, akampa mkono wake wa baridi. Jumapili ile ya mwezi wa kumi ilipewa kwaya kutoka Tallinn.

Osvald alifariki mwezi wa pili, kabla ya Sikukuu nyingine ya Yohana. Treiman alitunga mwenyewe wimbo wa maziko, beti tatu.

Kitako hakikuacha, wala hakikuchagua siku kama jiko. Kila mvua nyepesi inapoliangukia zege lililoshika jua, sehemu ya nne huanza, na huendelea mpaka mwisho, watu wawepo wasiwepo. Hilja hukaa hapo na mwavuli. Nota hajui, kwa hiyo haandiki, husikiliza tu. Wajukuu wa Chama wanajua kwamba mlingoti unapiga muziki kama wanavyojua kwamba ziwa lina samaki. Mswidi mmoja mgeni aliuliza kama rekodi yake inauzwa, akaelekezwa meza ya kahawa.

Lakini kwaya ilisumbuka. Baragumu ziliingia katikati ya ubeti, mabesi wakapoteza noti yao, na mwaka mmoja wimbo wa taifa ulianza upya mara mbili. Jambo lilifikishwa kwenye mkutano, likajadiliwa bila hasira. Jukwaa likahamishiwa ng'ambo ya sauna, nyuma ya misonobari, ambako kitako hakisikiki hata kidogo, na tangu hapo kwaya inasikika vizuri zaidi.